Maji ya Masinga yanapofika kwetu

Hotuba ya afisa wa unyunyizaji maji wa kaunti kwa wakulima, wafugaji na kamati za watumiaji maji, Hola



Leo nimekuja kujibu swali moja. Katika kikao kilichopita mama mmoja anayelima ndizi na mahindi ukingoni mwa mto alisimama akasema hivi: hawa watu wa bwawa, kiangazi wanatunyima maji, mvua ikija wanatumwagia, kwani tuna ugomvi gani nao? Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilijua sina jibu fupi. Nikaahidi kurudi nikiwa na jibu refu, na ndilo hili. Mnivumilie kidogo kwenye hesabu. Mkulima anayejua kupima shamba lake kwa hatua hawezi kushindwa na hesabu hizi.

Tuanzie juu. Kwenye Mto Tana kuna mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kujengwa, lilianza kazi mwaka 1968. Kiambere lilikuwa la mwisho, mwaka 1988. Masinga, lililo juu kabisa ya ngazi, lilikamilika mwaka 1981. Ukisikiliza habari utadhani yote matano ni ghala za maji. Sivyo. Gitaru na Kindaruma ni vibwawa tu ukilinganisha, kila kimoja kina takriban mita za ujazo milioni 20 au chini yake. Kamburu lina kama milioni 150, Kiambere kama milioni 585. Masinga peke yake lilijengwa kubeba bilioni 1.56. Kwa hiyo tukisema "bwawa limejaa" au "bwawa limekauka", karibu kila mara tunazungumza juu ya Masinga. Hilo ndilo ghala. Mengine ni vinu vya kusagia.

Sasa jambo la kushangaza. Mitambo ya Masinga inatoa megawati 40 tu. Ni kidogo. Lakini maji yale yale yakitoka Masinga yanapita Kamburu yanatoa umeme, yanapita Gitaru yenye megawati 225, yanapita Kindaruma, yanapita Kiambere, kila mahali yanasukuma mashine. Tone moja linafanya kazi mara tano. Ndiyo maana anayeshika ufunguo wa Masinga anawaza mabwawa matano kwa pamoja.

Na tone lile, likishafanya kazi mara tano, linaenda wapi? Linakuja kwetu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea hivyo miaka mingi. Stima hailewi maji. Mashine inazungushwa na maji yanapita, hayapungui hata debe moja. Anayekunywa maji ya Tana yasirudi ni mwingine. Bwawa la Thika kule Ndakaini, ambalo likijaa lina mita za ujazo milioni 70, linapeleka maji Nairobi. Mtaro wa chini ya ardhi unaochukua maji ya Mto Maragua na vijito vingine kule Murang'a, nao unapeleka Nairobi. Mashamba ya mpunga ya Mwea yanakunywa Mto Thiba kabla haujaingia Kamburu. Jua nalo linakunywa: Masinga likijaa lina upana wa kama kilomita za mraba 120, na kila sentimita moja inayopanda hewani juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 1.2. Kwa jua letu hilo ni jambo la siku mbili hivi. Sisemi watu wa Nairobi wasinywe maji. Nasema tu tujue nani anakunywa na nani anapitisha.

Basi kama stima haili maji, ugomvi unatoka wapi? Ni suala la wakati. Mto huu kwa asili yake una misimu miwili ya kujaa, masika na vuli, na katikati unanyauka. Kabla ya mabwawa, Januari hadi Machi na tena Agosti hadi Oktoba, mto ulikuwa mwembamba sana. Wazee waliopo hapa waliuvuka mahali fulani kwa miguu. Lakini taa za Kenya haziwaki kwa misimu. Watu wanapika, wanasoma, wanaendesha viwanda mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ya Masinga ni kunyima mto maji wakati wa mvua, kuyaweka, na kuyatoa kiangazi. Matokeo yake, mama yangu, ni kinyume cha ulivyosema. Kiangazi, kwa kawaida, maji yanayopita hapa mbele yetu ni mengi kuliko ambavyo yangekuwa bila bwawa. Yale yanayoingia kwenye pampu za Bura na za hapa Hola mwezi wa Februari, sehemu yake kubwa ni mvua ya Novemba iliyokuwa imefungiwa kule juu.

Tufanye hesabu moja. Mita moja ya juu kabisa ya Masinga, likiwa limejaa, ni kama mita za ujazo milioni 120. Ukiyatoa maji hayo kwa kasi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde, yatakaa siku 14. Kumbukeni: mita moja, wiki mbili. Ukienda chini mita inayofuata ina maji machache zaidi, kwa sababu bwawa ni kama karai, pana juu, jembamba chini. Bwawa likijaa kimo chake ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na likishuka hadi 1,037 mitambo ya Masinga inafungwa. Unaposikia redioni kwamba Masinga liko 1,050, usifikirie kwamba limebakiwa na mita elfu. Limebakiwa na mita 13 za kazi, tena zinazozidi kuwa nyembamba.

Na shamba linataka kiasi gani? Sisi wa unyunyizaji tuna kipimo cha haraka: lita moja kwa sekunde kwa kila hekta. Ekari 10,000 ni kama hekta 4,000, kwa hiyo ni mita za ujazo nne kwa sekunde. Ongeza mpunga, ongeza mifereji inayovuja, weka nane. Nane kati ya mia moja.

Mkiisikia hesabu hiyo mtaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: kama tunahitaji kidogo hivyo, mbona mazao yetu yamekauka mbele ya mto unaopita? Nitajibu kwa yale niliyoyaona. Niliwahi kufanya kazi kwenye skimu moja ambapo mahindi ya mbegu yalikufa yakiwa yameanza kutoa mbelewele, na mto ulikuwa umejaa hadi nusu ya ukingo. Pampu moja ilikuwa imeharibika, ya pili ilikuwa haina dizeli, na kipuri kilikuwa njiani kwa wiki tatu. Niliwaona wakulima wamesimama kwenye mfereji mkavu wakisikia mto unavyonguruma. Siku ile sikuweza kumlaumu mtu wa Masinga. Maji yale yalikuwa yameshatoa stima katika vituo vitano, na sisi tulishindwa kuyapandisha kimo cha mnazi mmoja. Ndiyo sababu ofisi yetu inaunga mkono mfereji wa kuleta maji Bura kwa mteremko badala ya pampu, na itaendelea kuuliza juu yake kila tukikaa na serikali ya kitaifa. Pale hapa Hola tunajua pia kwamba mto wenyewe unaweza kuhama. Ulihama mwishoni mwa miaka ya themanini ukaiacha mitambo ya skimu yetu ikitazama mchanga. Hilo bwawa haliwezi kulizuia.

Nimelitetea bwawa vya kutosha. Sasa nigeukie upande wa pili.

Bwawa la kuhifadhi ni kamari. Anayeliendesha anataka liwe juu kwa sababu mbili. Kwanza, maji yakiwa juu yanaanguka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo lita moja inatoa stima nyingi zaidi. Pili, anaogopa ukame. Na ana haki ya kuogopa. Mwaka 2000, miaka miwili tu baada ya mvua za El Niño zilizobomoa barabara, nchi ilikaa gizani kwa mgao wa umeme kwa sababu mabwawa yalikuwa matupu. Mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Mtu aliyepitia miaka hiyo hawezi kumwaga maji kwa moyo mwepesi. Lakini bwawa lililojaa halina nafasi ya kupokea mafuriko. Likizidi kimo chake, maji yanapita yenyewe kwenye njia ya kumwagia. Hakuna mtu anayekaa pale na kusema "leo tuwafurikishe watu wa Tana River". Yanamwagika kama chai kwenye kikombe kilichojaa.

Mliyaona mwaka 2018. Mkayaona tena 2020. Na haya ya karibuni hatujayasahau. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mizoga ya ng'ombe ikatapakaa njiani. Kisha ikaja vuli ya 2023 na El Niño yake. Jiwekeni kwenye kiti cha yule mhandisi mwezi wa Septemba 2023. Umetoka kwenye ukame mbaya kuliko wote wa miaka arobaini. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inakwambia mvua kubwa inakuja. Je, utamwaga maji uliyoyakusanya kwa shida, ili kutengeneza nafasi? Mvua isipokuja utaitwa bungeni. Ikija, wanaolala nje ni watu wa Garissa na Tana River. Basi mvua ikaja, na masika ya 2024 yakafuata ghala likiwa halina nafasi. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo mashua ilizama kwenye maji ya mafuriko pale Kona Punda, kwenye barabara ya Madogo na Garissa, na ndugu zetu wakafa. Walikuwa wanavuka mahali ambapo siku nyingine magari hupita.

Lakini niseme ukweli wote hata kama hauwapendezi wale wanaotaka kesi rahisi. Chini ya Kiambere kuna mito inayoingia Tana bila bwawa lolote: Mutonga, Kathita, Ura na mingine inayotoka Mlima Kenya na milima ya Nyambene. Mvua ikinyesha sana Meru na Tharaka, mafuriko yanafika Hola hata Masinga likiwa nusu. Ongezeni malaga yetu wenyewe. Kwa hiyo msikae mkitazama Masinga peke yake. Kipimo cha kutazama ni kile cha Mto Tana pale Garissa, kwa sababu pale maji yote yameshakutana, ya bwawa na yasiyo ya bwawa, na baada ya hapo yanachukua siku kadhaa kufika kwenu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayokisoma. Kamati ya kila kijiji cha ukingoni imteue mtu mmoja, awe na simu iliyo na chaji, apokee taarifa hiyo na aipeleke msikitini, kanisani na kwenye malka. Pampu ndogo zinaweza kuondolewa ukingoni ndani ya nusu siku. Tumepoteza nyingi kwa sababu tu habari ilifika usiku na mwenye trekta alikuwa amelala.

Kuna mafuriko mengine ambayo hatuyaogopi, na wenzetu wa huko juu hawayaelewi. Mafuriko ya wastani ndiyo yanayolowesha mashamba ya ukingoni ambako Wapokomo wamepanda mpunga na ndizi vizazi vingi bila pampu. Ndiyo yanayootesha majani ya delta ambako ng'ombe wa Waorma na Wawardei wanakimbilia kiangazi. Ghala kubwa likinyima mto mafuriko ya wastani, na kuachia yale makubwa tu yaliyolishinda, tunapata hasara mara mbili. Mkulima wa ukingoni anakosa unyevu mwaka wa kawaida na anapoteza nyumba mwaka wa mvua. Halafu mfugaji aliyekosa majani anaingia shambani kutafuta maji, na ninyi mnajua kinachofuata. Tumezika watu kwa jambo hilo katika kaunti hii. Matope nayo, ambayo zamani yalikuwa mbolea yetu, mengi yanabaki Masinga. Wapimaji waliokwenda kupima sakafu ya bwawa miaka thelathini baada ya kujengwa walikuta karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi imeshajaa udongo wa mashamba ya huko juu. Kule linapunguza ghala, huku tunaukosa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nikubali kusimama hapa.

Maji yetu ya kiangazi tunayapata kama mtu anayepewa lifti. Gari si letu. Gari ni la stima, linakwenda safari zake, na kwa kuwa njia yake inapita kwetu, tunapanda. Miaka arobaini tumepanda hivyo bila kulipa na bila kuuliza ratiba. Lakini safari za gari zinabadilika. Zamani umeme mwingi wa Kenya ulitoka kwenye maji, kwa hiyo Masinga lilipaswa kutoa maji kila siku. Leo mvuke wa Olkaria unatoa sehemu kubwa kuliko maji, upepo wa Turkana upo, jua lipo. Nchi inaweza kuamua kuyaweka maji ya Tana kwa ajili ya saa chache za jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Kwa watu wa umeme huo ni uamuzi wa busara, mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Lakini kwetu maana yake inaweza kuwa mto mwembamba zaidi mwezi wa Februari, na ghala lililojaa zaidi mvua za Aprili zikianza. Vyote viwili ni vibaya kwetu, na hakuna mtu atakayekuwa amevunja sheria.

Halafu kuna bwawa la High Grand Falls, ambalo limepangwa kwa miaka mingi chini ya Kiambere. Likijengwa kama lilivyochorwa, litakuwa na nafasi mara kadhaa ya Masinga, na litashika hata baadhi ya ile mito niliyoitaja isiyo na bwawa. Hapo anayeshika ufunguo atakuwa ameshika karibu mto wote. Linaweza kutuokoa na mafuriko ya kuua. Linaweza pia kutufungia delta. Itategemea kilichoandikwa kwenye ratiba yake ya kutoa maji, na ratiba hiyo inaandikwa kabla ya saruji kumwagwa.

Ufunguo hauko Hola. Mabwawa makubwa ni ya serikali ya kitaifa. Masinga lilijengwa na TARDA, mitambo inaendeshwa na KenGen, vibali vya maji vinatolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji ya matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote, na inatambua kwamba mto wenyewe lazima ubakiwe na kiasi chake. Vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vinatambuliwa na sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo tuna mlango wa kubisha. Tukienda kubisha tusiende na malalamiko ya jumla. Twende na namba tatu: kiasi cha chini kabisa cha maji tunachohitaji hapa kiangazi, kwa sekunde, mwezi ambao tunataka mafuriko ya wastani, na kwa siku ngapi, na kimo ambacho tunaomba Masinga lisizidi kabla ya Aprili na kabla ya Oktoba. Mbili za kwanza haziwezi kutoka ofisini kwangu. Wakulima wa ukingoni na wafugaji ndio wanaojua. Wazee wa malka wanajua maji yakifika mti gani majani yanaota hadi wapi. Mhandisi hajui.

Kuna kitu kimoja mnachoweza kufanya msimu huu bila kusubiri mtu. Mwisho wa Mei, kabla hujanunua mbegu, uliza kimo cha Masinga. Kama liko karibu na kujaa, panda unachotaka, hata mpunga, mradi pampu yako ni nzima. Kama masika yamekuwa mabaya na bwawa liko chini ya 1,045, usipande mpunga. Panda pojo au kunde, zinakomaa haraka, na ukikosa kumwagilia mara mbili hutalia sana. Najua bei ya mpunga ni tamu. Lakini mwenye mkopo wa mbegu hana nafasi ya kucheza kamari juu ya kamari ya mwenzake. Ofisi yetu itaandika kimo hicho kwenye ubao wa nje, pale karibu na lango, na kwa mnaokaa mbali mtakipata kwa maafisa wa wadi.

Mama wa swali, nakuona pale nyuma, na naona bado hujaridhika. Mzee aliyekaa kando yako, wa upande wa malka, ameinua mkono tangu nilipotaja delta. Tuanze na yeye, halafu wewe. Na katibu aandike miezi atakayoitaja mzee, kama atakavyoisema.